Samaki wa ziwa wakiugua, tibu maji kwanza

Samaki akijitenga na wenzake, akabana mapezi na kukataa chakula, mfugaji hukimbilia dawa. Mimi hukimbilia maji. Nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika nyumbani Kiriri, Bujumbura, katika tangi la vioo la lita 200, na wengi wa wagonjwa wangu wamepona bila tone la dawa, kwa maji yaliyorekebishwa mapema. Wachache waliohitaji dawa nao wasingepona ndani ya maji mabovu.

Ukisimama huku mlimani, jirani na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, unaliona ziwa limelala chini ya mji na milima ya Kongo imesimama ng'ambo. Ndani yake mna aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Mwaka 1971 Pierre Brichard alianzisha hapa Bujumbura biashara ya kusafirisha samaki hai, Fishes of Burundi, na tangu hapo samaki wa miamba ya Magara, Rumonge na Nyanza-Lac wanafugwa sebuleni kwa watu Ujerumani, Japani na Marekani. Mmoja wao, Neolamprologus brichardi, alipewa jina la mtu huyo na Max Poll mwaka 1974. Wafugaji humwita Binti Mfalme wa Burundi. Inaniuma kuona samaki huyu anaishi miaka mingi Ulaya, kisha anakufa upesi katika nyumba ambayo ziwa lake linaonekana dirishani.

Wanakufa upesi kwa sababu wamezaliwa katika maji yasiyobadilika. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, na wingi huo wa maji haupashwi wala haupoozwi kwa usiku mmoja. Joto la juu ya ziwa huwa kati ya nyuzi 24 na 29, na pH yake ni kati ya 8.6 na 9.2, maji yenye magadi na madini mengi. Tangi dogo hubadilika kwa saa chache. Kiangazi, Juni hadi Agosti, usiku wa Kiriri hupoa kuliko kule chini ufukweni, na ndipo ninapoona wagonjwa wengi zaidi. Hita yenye kidhibiti joto, hata ndogo, ni kinga kubwa kuliko chupa yoyote ya dawa.

Sasa niseme juu ya amonia, maana ndiyo muuaji mkuu na haionekani kwa macho. Hutoka kwenye kinyesi cha samaki, kwenye pumzi ya matamvua yao na kwenye chakula kilichobaki. Ndani ya maji huwa na sura mbili: moja haina madhara makubwa, nyingine huunguza matamvua. Kinachoamua ni pH. Kwa joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika sura ile ya sumu. Kwenye pH 8 hufika asilimia 5 hivi. Kwenye pH 9, ambayo ndiyo ya ziwa letu, hufika zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo uchafu ambao samaki wa Amazoni katika maji laini angeuvumilia, kwa samaki wa Tanganyika ni hatari ya leo leo. Usifuate kipimo cha mtu anayefuga samaki wa nchi nyingine.

Hapo hapo pana mtego wa maji ya mvua. Mabomba yakikauka, watu hutumia maji ya pipa, na maji ya mvua ni laini, pH yake iko chini. Ukiyatia tangini mara kwa mara, pH inashuka polepole na amonia inakusanyika katika ile sura isiyo na makali, samaki wakionekana wazima. Kisha maji ya bomba yanarudi, ambayo hapa mjini sehemu kubwa hutolewa ziwani; unafurahi, unabadilisha nusu ya tangi, pH inaruka juu, na amonia yote iliyolala inageuka sumu ndani ya saa moja. Samaki wanahema juu ya maji siku ile ile ya usafi, na mwenye tangi analaumu klorini.

Klorini nayo ina lawama zake, ila dawa yake ni rahisi. Mimi nayaacha maji ya bomba ndani ya beseni pana kwa siku nzima, pampu ya hewa ikitokota ndani yake, ndipo nayamimina, robo ya tangi kwa juma, yakiwa na joto lile lile.

Nikiona mgonjwa, basi, napima kwanza amonia, nitriti na pH kwa vijikaratasi vya kupimia. Amonia na nitriti zinatakiwa kuwa sifuri. Zisipokuwa sifuri, nasitisha chakula, nabadilisha robo ya maji asubuhi na robo jioni, naongeza hewa. Kama pH ya tangi imeshuka mbali na ile ya maji mapya, nabadilisha kidogo kidogo zaidi, jagi kwa jagi. Kisha naangalia kichujio, kwa kuwa ndani ya sponji yake wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, halafu nitrati isiyo na makali. Ukiiosha sponji hiyo bombani, klorini inawaua. Isukutue ndani ya ndoo yenye maji ya tangi.

Umeme ukikatika, bakteria hao hukosa hewa. Kichujio kilichofungwa kikikaa saa nyingi bila maji kupita, maji yaliyomo huoza, na umeme ukirudi hutapikwa yote ndani ya tangi. Giza likiendelea, mimi nakifungua, namwaga maji yake, naiweka sponji ndani ya tangi. Pampu ndogo ya betri husaidia sana. Usipokuwa nayo, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu, tena na tena, kila baada ya muda. Ni kazi ya mikono, lakini nimeona samaki wakivuka nayo usiku mrefu.

Maji yakiwa safi na samaki bado anaumwa, sasa utazame mwili wake. Ugonjwa wa madoa meupe ndio unaojulikana zaidi: punje kama za chumvi juu ya mapezi na ngozi, samaki akijisugua kwenye mawe. Ila usimtibu mzima: Tropheus duboisi mchanga ni mweusi mwenye madoa meupe ya kuzaliwa, yaliyopangika vizuri, na hupotea akikua. Doa la ugonjwa limeinuka na leo liko hapa, kesho pale.

Kidudu chake, Ichthyophthirius multifiliis, hujificha chini ya ngozi, ambako dawa haimfikii. Akishiba huanguka chini, hujifungia ganda, hugawanyika kuwa mamia ya watoto, nao huogelea kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku mbili hivi, hufa. Dawa huwakuta wakiwa wanaogelea tu, ndiyo maana kutibu siku moja ni kazi bure. Napandisha joto polepole hadi nyuzi 30, ambapo kidudu hiki hushindwa kuzaliana vizuri, na natia chumvi gramu 2 kwa kila lita, iliyoyeyushwa kando na kugawanywa mara tatu kwa siku moja na nusu. Sikilidi wa Tanganyika huivumilia. Hewa lazima iongezwe, kwani maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Madoa yakiisha naendelea juma zima, ndipo naipunguza chumvi kwa kubadilisha maji.

Wa pili ni uvimbe wa tumbo, na huu huwapata hasa Tropheus. Samaki hawa wana utumbo mrefu wa kusaga mwani wanaokwangua juu ya miamba. Ukiwapa nyama ya ng'ombe, au viluwiluwi vya mbu kila siku, au ukiwachanganya na wababe wanaowafukuza mchana kutwa, matumbo yao yanaharibika. Dalili ya kwanza si uvimbe. Samaki hukimbilia chakula, hukitia mdomoni, kisha hukitema. Kinyesi huwa cheupe, chembamba, kinaning'inia kama uzi. Hapo una siku chache. Tumbo likishavimba na magamba kusimama, wachache sana hupona.

Wataalamu bado wanabishana juu ya chanzo chake, vijidudu au bakteria, lakini metronidazoli imenisaidia kila nilipowahi. Ni tembe zile zile za binadamu. Nasaga tembe ya miligramu 250 kwa kila lita 40 za maji, nikiwa nimeondoa mkaa wa kuchujia kwa sababu huinyonya dawa. Baada ya siku mbili nabadilisha robo ya maji na kutia tena, hadi mara tatu. Chakula hakuna. Wakianza kula tena nawapa mwani na mchicha uliochemshwa. Antibayotiki nyingine za nyumbani, zilizobaki kwenye droo, usizitie tangini. Zinaua bakteria wa kichujio na kukurudisha kwenye amonia.

Samaki mgeni namweka peke yake ndani ya beseni lenye sponji na hewa kwa mwezi mzima kabla ya kumwingiza tangini. Ukiwa na kidonda mkononi usiutumbukize majini, na usinyonye mpira wa kutolea maji kwa mdomo: Mycobacterium marinum, bakteria wa samaki, huingia kwenye ngozi ya mtu na kuacha vidonda visivyopona haraka.

Samaki asiye na matumaini sipendi ateseke. Mafuta ya karafuu hufanya kazi kwa upole: mililita 0.4 kwa kila lita, yatikiswe kwanza ndani ya chupa yenye maji ya vuguvugu hadi yawe kama maziwa, kisha yamiminwe ndani ya ndoo aliyomo. Matamvua yakisimama, mwache nusu saa nyingine. Mzike shambani, mbali na mfereji. Usimtupe katika mto Ntahangwa wala usimrudishe ziwani hata akiwa hai, maana maji ya mto huo huishia kule kule wanakoishi ndugu zake wazima. Nyavu na beseni zioshe kwa maji ya chumvi, uzianike juani hadi zikauke kabisa kabla hujazitumia tena.