Kuijaribu Lugha ya Programu kwa Mafaili Makubwa ya Kiswahili: Ritifaa, Viambishi na Kumbukumbu ya Kompyuta

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi lugha ya programu iitwayo Python inavyoyashughulikia mafaili makubwa sana ya matini za Kiswahili. Inadaiwa kwamba ukubwa wa faili peke yake si tatizo la msingi. Matatizo ya msingi ni mawili, na yote mawili yanatokana na lugha yenyewe: namna ritifaa ya ng' inavyoandikwa, na wingi wa maumbo ya kitenzi. Mwishoni unapendekezwa utaratibu ambao mtafiti mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuufuata.

1.0 Utangulizi

Mto Ng'ombe hupita katika maeneo ya Kinondoni kabla ya kujiunga na Mto Msimbazi, na mvua kubwa zinyeshapo wakazi wa maeneo hayo, wakiwamo wa Mwananyamala, huwa na mengi ya kusimulia. Mwanafunzi wetu mmoja wa shahada ya umahiri alikusanya masimulizi hayo, akayanukuu, akayaunganisha na matini nyingine za Kiswahili, kisha akaandika programu fupi ya kuhesabu maneno. Jedwali alilotuletea lilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, neno ng'ombe halikuwamo hata mara moja, ilhali karibu kila msimulizi aliutaja mto huo kwa jina. Pili, kitenzi oa kilijitokeza mara nyingi kuliko mtu angetarajia katika masimulizi ya mafuriko. Mwanafunzi alikuwa amekwisha kuandika aya nzima ya ufafanuzi kuhusu ndoa na maafa. Alipoiendesha programu hiyohiyo kwa mkusanyo mkubwa zaidi, kompyuta yake ilikwama.

Mwanzoni tulidhani kwamba haya ni mambo mawili yasiyohusiana: kosa la hesabu kwa upande mmoja, na udhaifu wa mashine kwa upande mwingine. Uchunguzi wetu ulionyesha kwamba, kwa sehemu kubwa, chanzo chake ni kimoja.

Kuchanganua Kiswahili kwa kompyuta si jambo geni. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha mwaka 1992 maelezo ya mfumo wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili, na kongoo la Kiswahili la Helsinki, yaani mkusanyo mkubwa wa matini zilizohifadhiwa kwa ajili ya utafiti, lina maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili. Swali linalotushughulisha hapa ni jingine: je, mtafiti aliyeko Mwananyamala, mwenye kompyuta moja ya kawaida, anaweza kuihesabu lugha yake mwenyewe na kupata jibu sahihi? Iwapo hawezi, basi utafiti wa aina hii utaendelea kufanywa mbali na wasemaji.

2.0 Vifaa na Utaratibu

Majaribio yalifanyika nyumbani Mwananyamala, kwa kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Lugha iliyojaribiwa ni Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Tuliichagua kwa sababu hupatikana bila malipo na wanafunzi wengi wa isimu huanza nayo.

Tulitayarisha mafaili matatu, kila moja likiwa na baiti 1,000,000,000 hivi. Kwa kuwa matini tulizokuwa nazo hazikufikia ukubwa huo, zilinakiliwa kwa kurudiwarudiwa. Mafaili hayo yalilingana katika kila jambo isipokuwa alama moja, kama vile mwanafonolojia anavyoyalinganisha maneno pata na bata ili aione tofauti ya fonimu moja:

(a) Faili A lilitumia ritifaa nyoofu (') peke yake.
(b) Faili B lilikuwa sawa na A, ila mahali pamoja tu ritifaa nyoofu ilibadilishwa kuwa ritifaa iliyopinda (’).
(c) Faili C lilikuwa sawa na A, ila mwishoni iliongezwa emoji moja, kama zile zipatikanazo katika ujumbe wa simu.

Inafaa kutoa tahadhari mbili kuhusu mipaka isiyotokana na lugha ya programu. Mifumo mingi ya zamani ya biti 32 haikuweza kushughulikia faili lililozidi baiti 2,147,483,647, kwa kuwa hiyo ndiyo namba kubwa kabisa iwezayo kuandikwa kwa biti 31, biti moja ikiwa imetengwa kwa ajili ya alama ya kujumlisha au kutoa. Aidha, flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili lililozidi baiti 4,294,967,295, hata ikiwa ina nafasi tele. Mtafiti akataliwapo na flashi yake asiilaumu Python.

3.0 Kusoma Faili Zima kwa Mkupuo Mmoja

Katika jaribio la kwanza tuliiagiza programu isome faili lote na kuliweka katika kumbukumbu. Faili A lilisomwa bila matatizo. Faili B lilisomwa kwa shida, mashine ikilazimika kukopa nafasi kwenye diski. Faili C halikusomwa: programu ilisimama kwa taarifa ya upungufu wa kumbukumbu.

Je, alama moja katika herufi bilioni moja yawezaje kuleta tofauti hiyo? Jibu limo katika namna Python inavyohifadhi mfuatano wa herufi tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Ikiwa herufi zote za mfuatano ni za kundi dogo la kawaida, kila herufi hupewa baiti 1. Ikiwamo hata herufi moja iliyo nje ya kundi hilo, kila herufi ya mfuatano mzima hupewa baiti 2. Ikiwamo emoji moja, kila herufi hupewa baiti 4. Ritifaa nyoofu imo katika kundi la kawaida. Ritifaa iliyopinda haimo. Hivyo faili A lilidai takriban baiti bilioni 1, B bilioni 2, na C bilioni 4, kabla ya kuhesabu nakala ya baiti zenyewe, ambayo hushikiliwa wakati usomaji unapoendelea.

Hali huwa mbaya zaidi maneno yanapotenganishwa. Katika matoleo ya sasa ya Python, kila mfuatano unaojitegemea hudai zaidi ya baiti 40 kabla ya herufi zake kuhesabiwa. Tuchukue kongoo la maneno milioni 25, na tukadirie herufi 6 na nafasi moja kwa kila neno. Kwenye diski hizo ni baiti milioni 175. Yakitenganishwa na kuwekwa yote katika orodha, kila neno litadai baiti 56 hivi, nayo jumla itakuwa takriban baiti bilioni 1.4, yaani mara nane ya ukubwa wa faili. Ndiyo maana kompyuta ya mwanafunzi ilikwama kwa faili ambalo kwa macho lilikuwa dogo.

4.0 Kusoma kwa Vipande

Ufumbuzi unaojulikana ni kusoma mstari mmoja mmoja, kila mstari ukiachiliwa baada ya kuhesabiwa. Kwa njia hii mafaili yote matatu yalisomwa hadi mwisho, kwa sababu emoji huathiri mstari wake tu.

Hata hivyo, njia hii hudhani kwamba faili lina mistari. Matini zilizotolewa katika nyaraka za PDF mara nyingine hutoka zikiwa mstari mmoja mrefu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hapo kusoma kwa mistari ni sawa na kusoma faili zima. Ni salama zaidi kusoma vipande vya ukubwa maalumu, mathalani herufi milioni moja kila mara. Tahadhari ni kwamba kipande chaweza kuishia katikati ya neno: wananchi likawa wana na nchi, nayo yote mawili ni maneno halali, kwa hiyo kosa halitaonekana. Programu haina budi kuyahifadhi masalio yaliyo baada ya nafasi ya mwisho, na kuyatanguliza mbele ya kipande kifuatacho.

5.0 Ritifaa na Mpaka wa Neno

Sasa turejee kwenye jedwali la mwanafunzi. Kanuni ya kawaida ya Python ya kutambua herufi za neno huihesabu ritifaa, iwe nyoofu au iliyopinda, kuwa alama ya uakifishaji. Kwa hiyo ng'ombe hukatwa ikawa ng na ombe. Pale wasimulizi waliposema kwamba maji yaling'oa miti na mabati, programu iliona yaling na oa. Ndoa zote zile zilitokana na mabati.

Katika matini zetu zilikuwamo ritifaa za aina tatu. Matini zilizopigwa chapa kwenye vibanda vya stesheneri zilikuwa na ritifaa iliyopinda, kwani programu za kuandikia huibadilisha zenyewe. Ujumbe wa simu ulikuwa na ritifaa nyoofu. Matini chache za wanaisimu zilikuwa na alama ya tatu (ʼ), ambayo katika mpango wa Unicode huhesabiwa kuwa herufi. Hii ya tatu ndiyo iliyo sahihi kifonolojia, maana ng' ni fonimu moja na ritifaa yake haitenganishi kitu. Kanuni ya Python haiikati. Lakini nayo iko nje ya kundi la kawaida, na hivyo hudai baiti 2 kwa kila herufi ya mfuatano wake. Aidha, neno lililoandikwa kwa ritifaa tatu huhesabiwa kuwa maneno matatu.

Tunapendekeza kwamba ritifaa zote zigeuzwe kuwa aina moja kabla ya kuhesabu, na kanuni ya neno irekebishwe ili iikubali. Ugeuzaji ufanywe tu pale ritifaa inapotanguliwa na ng na kufuatwa na irabu, au na w katika majina ya Kisukuma, ili alama za kunukuu zisiguswe.

6.0 Wingi wa Maumbo

Jaribio la mwisho lilihusu jedwali lenyewe. Hata kama faili husomwa kwa vipande, jedwali la maumbo tofauti hubaki katika kumbukumbu na kuongezeka. Katika lugha zenye viambishi vichache ongezeko hilo hupungua mapema. Kitenzi cook cha Kiingereza kina maumbo manne. Tutazame shina pika:

Viambishi vya kiima: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, i-, li-, ya-, ki-, vi-, zi-, ku-, pa- (14).
Viambishi vya njeo na hali: -na-, -li-, -ta-, -me-, -ki-, -ka-, -nge-, -ngali- (8).
Mtendwa: kutokuwapo, au -ni-, -ku-, -m-, -tu-, -wa-, -u-, -i-, -li-, -ya-, -ki-, -vi-, -zi-, -pa-, -ji- (15).

Jumla ni 14 x 8 x 15, yaani maumbo 1,680, kabla ya kugusa ukanushi, urejeshi au mnyambuliko. Tukiongeza pikia peke yake tunapata 3,360. Ni kweli kwamba mengi hayatumiki, lakini kila matini mpya huleta baadhi ambayo hayajaonekana, na kila umbo jipya huweza kudai takriban baiti 100.

Hapa tulibaini kasoro katika utaratibu wetu wenyewe. Faili lililopatikana kwa kurudiarudia matini zilezile halipimi jambo hili hata kidogo, kwa kuwa baada ya nakala ya kwanza hakuna umbo jipya liingialo. Jedwali lilisimama palepale na tungeweza kudhani kwamba tumefaulu. Tulipoweka matini zisizorudiwa, jedwali liliendelea kukua hadi mwisho wa faili. Anayetaka kuijaribu lugha ya programu kwa ajili ya Kiswahili hana budi kutumia Kiswahili halisi.

Ufumbuzi ni kuliandika jedwali kwenye diski, likiwa limepangwa kialfabeti, kila linapofikia kiasi fulani, mathalani maumbo milioni moja, kisha kulianza upya. Mwishoni majedwali madogo huunganishwa kwa kusomwa sambamba. Faida ya pili ya utaratibu huu mkazi wa jiji hili hahitaji kuelezwa: programu ikiwa inaweka kumbukumbu ya mahali ilipofikia, umeme ukikatika usiku kinachopotea ni kipande kimoja tu.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Python inaweza kushughulikia faili kubwa kuliko kumbukumbu ya kompyuta, mradi faili lisomwe kwa vipande, ritifaa zisawazishwe, na jedwali liandikwe kwenye diski. Imeonyeshwa pia kwamba programu inayokwama si hatari kuliko inayomaliza kazi na kutoa jibu lisilo sahihi. Ile ya kwanza hujitangaza; ya pili huhitaji mtu aijuaye lugha, atakayeuliza ng'ombe wamekwenda wapi. Mwanafunzi wetu aliirudia hesabu kwa utaratibu huu, kwa kompyuta yake ileile. Mto Ng'ombe ulirudi katika jedwali, na aya ya ndoa ikaondolewa katika tasnifu kabla ya kufika kwa watahini.