Mazutu Ikiingia Kidoleni

Ndugu mekanisie, umefunga kwenye motere ya kamyo enjekteri zenye matundu makubwa kuliko zile za kwanza. Unajua kazi haijaisha. Kila enjekteri ipimwe kwenye pampu ya mkono, na presio yake ya kufunguka irekebishwe, kwa vise au kwa rondeli za resori, mpaka ifikie kipimo cha mtengenezaji. Presio ikiwa ndogo mno, mazutu inatoka kwa matone badala ya ukungu, na motere inatoa moshi mweusi. Hayo unayafahamu kuliko mimi. Mimi nataka kusema juu ya mkono wako.

Mpira wa gari ndogo una bari 2 hivi. Bari 7 zinatosha kutoboa ngozi ya mtu. Enjekteri nyingi za motere za zamani zinafunguka kati ya bari 120 na 250. Za siku hizi zinapita bari 1000. Basi yule anayeweka kidole mbele ya enjekteri ili ajue kama inatupa vizuri, anajipiga shindano la mazutu. Kitambaa na gani za kawaida hazizuii kitu. Tumia kipande cha kartoni, vaa lineti, na usilegeze bomba lolote motere ikizunguka.

Ubaya wa kidonda hiki ni kwamba kinadanganya. Unaona kitundu kama cha sindano, damu haitoki, maumivu ni kidogo. Lakini ndani mazutu imekwisha kufuata mishipa ya kidole hadi kiganjani, na nyama inaanza kufa. Nilipokea fundi mmoja wa garaje ya mtaani siku ya tatu. Kidole kilikuwa cheusi, munganga alikikata.

Fika hospitali saa ile ile, kabla saa 6 hazijapita, kwa sababu kidole kinapaswa kufunguliwa na kuoshwa ndani. Usikamue, usikande kwa maji ya moto. Funika kwa kitambaa safi, inua mkono, usile wala kunywa, maana pengine utalazwa usingizi. Utuambie ni mazutu au mafuta gani, na saa ngapi iliingia.

Nanyi mama wa nyumbani: bwana akitoka kutengeneza gari uani na kitundu kidoleni, akisema atakwenda kesho, mvue pete kabla kidole hakijavimba, mkamlete usiku huo huo.