Ustaarabu na Unyama Ndani ya Mtu

Masomo: Mwanzo 4:1–24, Marko 7:14–23, Waefeso 4:25–32



Hakuna kati yetu asiyejua kelele za "Mwizi! Mwizi!" zinapopigwa sokoni. Fundi cherehani huacha nguo kwenye mashine, mwalimu huegesha baiskeli, mama huweka kikapu chini, na wote hukimbia. Baada ya dakika chache kijana amelala mavumbini, na wengi wanaompiga hawajui hata ameiba nini. Yakiisha, kila mtu huokota kilicho chake akarudi kazini. Kesho yake tunasema, "Watu wale walikuwa wanyama."

Mimi ninayeandika somo hili nilisimama pembeni siku moja ya namna hiyo. Sikurusha jiwe, lakini nilinyamaza, na sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi. Tangu siku ile nimejiuliza: unyama ule ulitoka wapi? Je, elimu na maendeleo hayakutosha kuuondoa?

Maneno yetu wenyewe

Neno "ustaarabu" limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kufuata desturi za Waarabu. Watu wa miji ya pwani walijihesabu kuwa wastaarabu, na watu wa bara wakawaita washenzi. Basi, twende kwa mawazo hadi Mkunazini, Unguja. Hapo palikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Waliouza na kununua walivaa vizuri, walijua kuandika hesabu, na walikula kwa adabu. Waliofungwa minyororo ndio walioitwa washenzi. Wazungu nao, waliojivunia ustaarabu wao, walikuwa wamewapakia Waafrika zaidi ya milioni 12 katika merikebu za kuvuka bahari ya Atlantiki.

Leo mahali pale Mkunazini pamesimama Kanisa Kuu la Kianglikana, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka ule ule wa 1873. Tunapopita hapo tukumbuke kwamba nguo safi na daftari la hesabu haviufukuzi unyama. Pengine huupa nguvu zaidi.

Mji wa Kaini

Biblia haishangazwi na jambo hili. Kaini hakuwa mtu wa kuishi mwituni. Alikuwa mkulima, naye alikuwa ametoka kumtolea Mungu sadaka. Hasira ilipompanda, Mungu alimwonya kabla hajatenda lolote: dhambi imeotea mlangoni kama mnyama anayemtaka, na ni juu yake kuitawala. Maana yake ni kwamba Kaini alikuwa na nafasi. Kati ya hasira na kuua palikuwa na mlango, naye akaufungua.

Wengi wetu huishia hapo, lakini tuendelee kusoma. Katika mstari wa 17 Kaini anajenga mji. Katika uzao wake wanatokea wafugaji, wapigaji wa kinubi na filimbi, na mfua vyombo vya shaba na chuma. Haya ni mambo mema, na hatuwezi kuishi bila hayo. Lakini katika ukoo huo huo anatokea Lameki, anayejigamba mbele ya wake zake kwamba ameua mtu kwa sababu ya jeraha, na kwamba kisasi chake ni mara 77. Mji ulikua, vyombo vikaongezeka, na kisasi nacho kikakua.

Visiwa viwili

Mwaka 1954 Mwingereza William Golding, mwalimu wa shule aliyekuwa amepigana katika jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili, alitoa kitabu kiitwacho Lord of the Flies. Ni hadithi ya kubuni juu ya wavulana wa Kiingereza walioachwa peke yao kisiwani. Mwanzoni wanachagua kiongozi na kuwasha moto wa kuita meli. Baadaye wanapaka nyuso zao rangi, wanawinda nguruwe, na mwisho wanauana wao kwa wao. Anayewaokoa ni ofisa wa manowari. Anawashangaa watoto, lakini yeye mwenyewe yumo vitani, akiwawinda watu wengine.

Wengi waliosoma hadithi hiyo walisema, "Ndivyo mtu alivyo." Lakini kuna habari nyingine, nayo ni ya kweli. Mwezi Juni 1965 vijana sita wa shule ya bweni huko Tonga, katika bahari ya Pasifiki, walichukua mashua ya mtu bila ruhusa wakaingia baharini. Dhoruba ikawavunjia tanga na usukani. Baada ya siku nane walitupwa kwenye kisiwa cha 'Ata, ambako hapakuwa na mtu, wakakaa huko mpaka Septemba 1966, alipowaona nahodha Peter Warner wa Australia.

Je, waliuana? La. Waligawana kazi kwa zamu wawili wawili: shamba, jiko na ulinzi. Waliwasha moto wakautunza usizimike kwa zaidi ya mwaka. Mmoja alipoanguka jabalini akavunjika mguu, wenzake waliufunga kwa vijiti, wakafanya na kazi yake mpaka akapona. Siku yao waliianza na kuimaliza kwa wimbo na sala.

Tusidhani kwamba walikuwa malaika. Mashua ilikuwa ya wizi, na waliporudi polisi waliwakamata mpaka nahodha alipomlipa mwenyewe. Tena waligombana. Lakini walijiwekea kanuni: waliogombana watengane, kila mmoja aende upande wake wa kisiwa hadi hasira ipoe, kisha warudishwe pamoja waombane radhi.

Kwa nini kisiwa kile hakikuwa na watu? Mwaka 1863 meli ilifika, na nahodha wake akawadanganya wenyeji zaidi ya 100 wapande, akawachukua kuwa watumwa. Mfalme wa Tonga akawahamisha waliosalia. Vijana wale walikula ndizi na kuku waliotokana na mali ya watu hao. Fikirini: waliofika na meli nzuri walitenda unyama, na waliofika bila kitu waliishi kama watu.

Tujifunze nini?

Kwanza, mnyama yumo ndani ya kila mtu. Bwana Yesu alifundisha kwamba kinachomtia mtu unajisi hutoka moyoni mwake, wala hakiingii kutoka nje. Kwa hiyo tusimtafute mshenzi kwa jirani, wala katika kabila lingine.

Pili, mnyama huyo anaweza kutawalika. Njaa, hofu na hasira si dhambi, bali huwa dhambi tunapoviachia vitutawale. Mtume Paulo anatuambia jua lisituchwee tukiwa bado na hasira. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya vijana wa 'Ata.

Tatu, utu hautunzwi kwa kujengwa mara moja. Ni kama moto ule: asipokuwapo wa kuutilia kuni usiku, asubuhi ni majivu. Sala ya jioni, zamu ya kumtembelea mgonjwa, na neno "nisamehe" ndizo kuni zetu. Naye Yesu alimjibu Lameki alipomwambia Petro asamehe saba mara sabini. Kwa nguvu zetu hatuwezi, ndiyo maana tunaomba neema.

Siku ile sokoni alihitajika mtu mmoja wa kusema, "Ngojeni kwanza, tumpeleke polisi." Mimi nilikuwapo. Naomba Mungu anipe sauti siku nyingine, nawe pia, ndugu msomaji.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni watu gani tunaowaita washenzi? Kwa nini?

2. Tunaweza kujiwekea kanuni gani nyumbani, ili wagombanao wapatane kabla ya kulala?

3. Kelele za "Mwizi!" zikipigwa leo, Mkristo afanye nini? Nani atasimama naye?