SOMO LA MWEZI: MBEGU ILIYO CHINI YA VUMBI



Masomo: Isaya 40:6-8, Mathayo 6:28-30, Yohana 12:24. Someni nyumbani kabla ya kuendelea.

Nabii anaona ua likinyauka. Bwana Yesu anatutaka tuliangalie ua hilo hilo. Wengi wetu tulikuwa wakulima na wafugaji, na ukame tunaujua. Basi tuangalie pamoja.

1. Ukame na majirani wa ua

Mvua ikikosekana, maua madogo ya mbugani hunyauka mapema, kwa kuwa mizizi yake ni mifupi. Mengine hayaoti kabisa. Yanayoota hubaki mafupi, na maji matamu yaliyo ndani yake hupungua. Hapo nyuki na vipepeo hukosa chakula. Wadudu wakipungua, maua mengi hayazai mbegu, na ndege walao mbegu na wadudu nao huona njaa. Wafuga nyuki kati yetu wanajua kwamba nyuki wa Afrika, wakikosa chakula na maji, huacha mzinga na kuhama.

2. Yaliyoonekana California

Huko Marekani, katika jimbo la California, kuna hifadhi ya mbuga iitwayo McLaughlin. Profesa Susan Harrison na wenzake walihesabu mimea ya viwanja 80 kila mwaka kwa miaka 15. Mwaka 2015 walieleza kwamba, kadiri majira ya baridi (ambayo huko ndiyo majira ya mvua) yalivyozidi kuwa makavu, ndivyo aina za maua zilivyopungua.

Ukame mkali ulianza huko mwaka 2012. Watafiti walichunguza pia mbegu zilizomo udongoni katika hifadhi hiyo, na matokeo yakatolewa mwaka 2018. Juu ya ardhi maua yalikuwa machache. Lakini chini, mbegu za maua ya asili zilikuwa zimeongezeka, na mbegu za nyasi zilizoletwa zamani kutoka ng'ambo zimepungua. Kwa nini? Mbegu za nyasi zile huota karibu zote mvua inapoanza. Jua likiwaka tena, hakuna akiba. Mbegu za maua huota baadhi tu, na nyingine hulala udongoni zikingoja. Mvua kubwa iliporudi, masika ya mwaka 2017, vilima vya Carrizo Plain katika jimbo hilo vilijaa maua ya manjano na zambarau.

3. Tunajifunza nini?

Kwanza, kisichoonekana si lazima kiwe kimekufa. Mungu anayo kazi chini ya vumbi.

Pili, tusijidanganye. Mbegu haingoji milele. Nyingine huoza, nyingine huliwa na sisimizi. Ukame ukifuata ukame, aina nyingine hupotea, kama ile hesabu ya miaka 15 ilivyoonyesha. Akiba hudumu kwa sababu hata mwaka mbaya maua machache huzaa mbegu.

Ndivyo ilivyo kwa jamaa zetu. Tusiseme, "Tutawafundisha watoto lugha yetu, kazi za mikono na sala tukifika nyumbani." Miaka inapita, na mtoto anakua hapa. Tupande kidogo sasa, hata katika mwaka mkavu.

4. Tufanye nini?

Maboga na matango yetu hayazai vizuri bila nyuki. Kwa hiyo tusichome majani yote pembezoni mwa mashamba. Tuache ukanda wenye maua mpaka mbegu zikauke na kuanguka. Tuwawekee nyuki maji katika sahani yenye vijiwe, wasizame. Anayerina asali awaachie nyuki masega ya kula.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

a) Ni maua gani ya kondeni tuliyoyajua nyumbani, na ni yapi tunayaona hapa?
b) Ni jambo gani la jamaa yetu limelala, na liko hatarini kupotea?
c) Juma hili tutampandia mtoto nini?

Tuombe: Ee Bwana, utupe mvua kwa wakati wake, na utupe moyo wa kupanda tungali tukingoja. Amina.