SOMO LA KODI YA MAPATO: MTUMISHI MWENYE DUKA NA TAREHE 30 JUNI

Watumishi wa umma na wananchi wote wanakumbushwa kwamba tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa ya mapato ya mwaka uliotangulia, ambayo wengi huiita ritani, kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kwa mtu binafsi mwaka wa mapato huanza tarehe 1 Januari na kuishia tarehe 31 Desemba. Baada ya hapo sheria humpa miezi sita ya kutayarisha hesabu zake. Somo hili linaeleza nani anahusika na jambo gani lifanyike kabla ya siku hiyo.

Tofauti na kodi za zamani

Katika nchi hii neno kodi lina kumbukumbu nzito. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898, ikafuatiwa na kodi ya kichwa. Baadaye ilikuja kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Kodi ya kichwa na ile ya maendeleo zilimdai mtu kwa sababu tu ni mtu mzima, awe nacho au asiwe nacho. Kodi ya mapato, inayosimamiwa sasa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, inauliza swali jingine: mtu huyu amepata nini katika mwaka? Wa kwanza kujibu swali hilo ni mlipakodi mwenyewe, na ritani ndiyo jibu lake.

Nani anahusika

Mtumishi ambaye mapato yake yote ni mshahara wa mwajiri mmoja hana haja ya kuwasilisha ritani, isipokuwa akitakiwa kwa maandishi. Kodi yake hukatwa na mwajiri kila mwezi, na mwajiri hutakiwa kuiwasilisha ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha.

Hata hivyo, watumishi wengi wa Masasi na Newala hawaishi kwa mshahara pekee. Muuguzi wa Hospitali ya Mkomaindo huweza kuwa na duka la dawa, mwalimu akawa na mashine ya kusaga, na karani akawa na pikipiki ya abiria. Hapo ndipo kosa la kawaida hutokea. Mtumishi hudhani kwamba kwa kuwa mshahara wake umekwisha kukatwa kodi, amemaliza wajibu wake; au hudhani kwamba duka lake litatozwa kwa viwango vya mauzo walivyowekewa wafanyabiashara wadogo. Ieleweke kwamba utaratibu huo ni wa mtu ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara. Mwenye mshahara na duka hujumlisha faida ya duka na mshahara wake, kisha kodi ikakokotolewa kwa jumla hiyo.

Mfano wa hesabu

Tuchukue muuguzi ambaye mshahara wake, baada ya kuondolewa mchango wa hifadhi ya jamii, ni shilingi 700,000 kwa mwezi, yaani 8,400,000 kwa mwaka. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, hukatwa shilingi 56,000 kila mwezi, sawa na 672,000 kwa mwaka. Duka lake limempatia faida ya shilingi 1,800,000. Jumla ya mapato ni shilingi 10,200,000.

Kodi ya jumla hiyo ni shilingi 816,000 kwa sehemu ya mapato inayoishia 9,120,000, na asilimia 25 ya shilingi 1,080,000 zilizozidi, yaani 270,000. Zote pamoja ni 1,086,000. Zikiondolewa 672,000 zilizokwisha kukatwa kazini, hubaki shilingi 414,000 za kulipa. Fedha hizo si adhabu, wala mshahara haukutozwa mara mbili. Ni kodi ya faida ya duka peke yake.

Faida siyo mauzo. Kutoka katika mauzo huondolewa gharama ya bidhaa zilizouzwa, pango la duka, leseni, usafiri wa mizigo na ujira wa msaidizi. Karo ya watoto na chakula cha nyumbani haviondolewi, kwa kuwa si gharama za biashara.

Tarehe na msimu

Mwenye biashara hutakiwa pia kuwasilisha makadirio ya kodi ya mwaka unaoendelea kabla ya kwisha tarehe 31 Machi, na kuyalipa kwa awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Hivyo basi, tarehe 30 Juni huangukiwa na mambo mawili kwa pamoja: ritani ya mwaka uliopita na awamu ya pili ya mwaka uliopo. Awamu zilizolipwa hupunguzwa katika kodi ya mwisho ya mwaka zilizolipiwa.

Katika uwanda wa Makonde na maeneo yanayouzunguka, fedha huzunguka zaidi wakati wa minada ya korosho, ambayo kwa kawaida huanza mwezi wa Oktoba. Ifikapo Juni, mauzo ya maduka mengi yamekwisha kupungua. Asiyetenga sehemu ya kodi wakati wa msimu hulazimika kuitafuta wakati fedha ni haba.

Umuhimu wa kumbukumbu

Viwango vilivyowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo vinaonyesha thamani ya daftari. Mfanyabiashara mwenye mauzo ya shilingi 5,000,000 asiye na kumbukumbu alitakiwa kulipa shilingi 100,000. Mwenzake mwenye mauzo hayo hayo, lakini mwenye kumbukumbu, alilipa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi 4,000,000, yaani shilingi 30,000. Tofauti ya shilingi 70,000 ilitokana na daftari tu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, kumbukumbu hutunzwa kwa muda usiopungua miaka mitano. Risiti za manunuzi, daftari la mauzo na hati za mshahara ziwekwe mahali pamoja, mbali na mvua na mchwa.

Kuchelewa na kupinga

Anayechelewa kuwasilisha ritani hutozwa adhabu kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi: asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa, au kiwango maalumu kilichowekwa na sheria, kutegemea ni kipi kikubwa. Aidha, kodi iliyochelewa hutozwa riba. Mwenye sababu ya msingi ya kuchelewa aombe kuongezewa muda kwa maandishi kabla ya tarehe kupita, si baada yake.

Asiyeridhika na tathmini ya kodi anayo haki ya kuipinga kwa maandishi ndani ya siku 30, akilipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa au sehemu asiyoibishia, kutegemea ni ipi kubwa. Ni vyema ikumbukwe kwamba wajibu wa kuthibitisha uko kwa mlipakodi. Asiye na karatasi ana haki ya kupinga, lakini hana cha kupingia.

Watumishi wenye biashara wanashauriwa kuanza sasa: kuhakiki namba ya utambulisho wa mlipakodi, kukusanya hati za mshahara za miezi yote kumi na miwili, kufunga hesabu za duka, na kufika mapema katika ofisi ya TRA iliyo karibu iwapo jambo lolote haliko wazi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.