Neno Huua Kabla ya Moto

Oktoba 2021, akina mama wanne wakongwe waliuawa Marani, Kaunti ya Kisii, wakishutumiwa kuwa wachawi. Mei 2008, watu 11 waliteketezwa katika eneo la Kisii kwa tuhuma hizo hizo.

Mauaji kama hayo huanza na neno. Nyanya aliyeitwa mama fulani na majirani wote huanza kuitwa "omorogi", mchawi. Salamu hukoma, watoto hukatazwa kwenda kwake, na siku umati ukifika hakuna anayemtetea. Nchini Rwanda, mwaka 1994, redio iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende, huku wakiuawa.

Mara nyingi anayeshukiwa ni mzee anayesahau, anayezungumza peke yake au anayepotea njia usiku. Hizo zaweza kuwa dalili za dimensia, ugonjwa wa ubongo. Anahitaji daktari.

Chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, kumshutumu mtu hadharani kuwa mchawi ni kosa.

Wakazi wa Nyanchwa na kaunti nzima wanahimizwa: ukisikia jirani akiitwa hivyo, mtaje kwa jina lake, mtembelee, na umjulishe chifu au polisi mapema.