Taa Moja, Swichi Nyingi: Somo la Umeme kutoka Mitelemko ya Upare

Katika Milima ya Upare, wilayani Same, nyumba nyingi hujengwa juu ya mitelemko iliyochongwa. Nyumba kubwa huweza kuwa juu, jiko likawa chini yake, na baina yao pakawa na ngazi ya mawe. Mtu atokaye jikoni usiku huhitaji kuwasha taa ya ngazi akiwa chini, na kuizima akiwa juu. Swichi mbili za kawaida haziwezi kazi hiyo. Zikifuatana katika waya mmoja, taa huwaka pale tu zote mbili zinapowashwa. Zikiwekwa sambamba, aliye juu hawezi kuizima taa iliyowashwa chini.

Mfano wa ndiva

Wapare wana desturi ya kale ya kukinga maji katika ndiva, yaani bwawa dogo la kumwagilia, na kuyaongoza mashambani kwa mifereji. Na ichukuliwe kwamba mfereji utokao ndivani unagawanyika kuwa miwili, kisha miwili hiyo inaungana tena kabla ya kufika shambani. Penye panda ya juu pana lango lipelekalo maji kushoto au kulia. Penye maungano ya chini pana lango jingine lipokealo maji ya kushoto au ya kulia. Maji hufika shambani iwapo malango yote mawili yamechagua mfereji uleule. Lango lolote likigeuzwa, hali ya shamba hubadilika.

Mfano huu una mpaka wake: maji yaliyozuiwa hufurika, lakini mkondo wa umeme uliokatizwa husimama.

Swichi ya njia mbili

Swichi ya njia mbili, ambayo mafundi huiita «tuwei», ina vituo vitatu: kimoja cha pamoja na viwili vya njia. Waya wa moto huingia katika kituo cha pamoja cha swichi ya kwanza. Nyaya mbili huunganisha vituo vya njia vya swichi ya kwanza na vya swichi ya pili. Kutoka kituo cha pamoja cha swichi ya pili waya huenda kwenye taa. Waya wa nyutro huenda moja kwa moja hadi kwenye taa, bila kupita katika swichi yoyote.

Swichi tatu na zaidi

Swichi ya tatu ikihitajika, tuseme katikati ya ngazi, huwekwa swichi ya kati yenye vituo vinne, ikikatiza zile nyaya mbili. Ikiwa katika hali moja huziacha ziende sambamba. Katika hali ya pili huzikutanisha kwa msalaba, ya kushoto ikawa ya kulia. Swichi za kati zinaweza kuongezwa kadiri ipendezavyo, lakini za mwisho huku na huku hubaki za njia mbili.

Swichi 2 zina hali 4, swichi 3 zina hali 8, swichi 4 zina hali 16. Kila mara taa huwaka katika nusu ya hali hizo. Taa ikiwa imezimwa, mageuzi yakiwa idadi witiri itawaka. Yakiwa shufwa itabaki imezimwa. Mwaka 1938 Claude Shannon wa Marekani alichapisha makala iliyoonyesha kwamba sakiti za swichi huweza kuandikwa kwa aljebra ya George Boole. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa kompyuta.

Kosa la hatari

Iko njia nyingine, ambayo baadhi ya watu huifuata ili kuokoa waya. Moto na nyutro huingizwa vyote katika kila swichi, katika vile vituo viwili vya njia, na taa huwekwa baina ya vituo vya pamoja. Taa huwaka upande mmoja ukipata moto na mwingine nyutro. Huzimika pande zote mbili zikipata nyutro. Lakini huzimika pia pande zote mbili zikipata moto. Katika hali hiyo taa ni giza, nayo holda ina volti 230 pande zote mbili. Anayebadilisha globu akigusa humo huweza kufa. Sakiti hii isitumike kamwe.

Hata katika sakiti sahihi, mkao wa swichi hauonyeshi kama umeme umekatwa, na globu iliyoungua haiwezi kutoa ushahidi. Tena, aliye jikoni huweza kubonyeza swichi wakati mwenzake ameshika holda. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha globu huzimwa swichi kuu ya nyumba.

Jaribio la darasani

Zinahitajika betri kavu 2, globu ya tochi, nyaya, na vipande vya bati na pini juu ya ubao vya kutengenezea swichi. Umeme wa nyumbani usitumike katika jaribio hili. Kazi ya nyumba ni ya fundi mwenye leseni.

Maswali

1. Chora sakiti ya swichi 3, kisha andika jedwali la hali zote 8.
2. Katika sakiti ya hatari, onyesha hali 4 na utaje ile inayoua.
3. Eleza kwa nini swichi hukatiza waya wa moto, si wa nyutro.